Kamba ya Nne

Kila kukicha, hata kabla ya kupiga mswaki, Dobi alifungua mlango wa nyuma akahesabu kamba zake.

"Moja, mbili, tatu, nne. Bado zipo."

Hakuwa na wazimu. Zamani ua wake ulikuwa na kamba saba za kuanikia nguo. Ya kwanza ilikuwa karibu na nyumba. Ya saba ilikuwa mbali, upande wa ufuo. Kutoka kamba hadi kamba zilikuwa hatua nne. Sasa ya saba haipo, ya sita haipo, na ya tano haipo. Pale zilipokuwa, maji yakijaa, samaki wanapita.

Dobi alifua nguo za mtaa mzima, lakini kazi iliyolisha nyumba ilikuwa ya zahanati. Mashuka sitini kila juma, meupe, yenye alama nyekundu pembeni. Yalitakiwa yafuliwe, yakauke na kupigwa pasi siku ileile. Kwa kamba nne yalikauka kwa kubanana. Kwa kamba tatu yasingekauka, na zahanati ingetafuta dobi mwingine. Hilo alilijua vizuri kama viganja vyake.

Mama mkwe wake alikaa kibarazani akipanga soksi za watu kwa kuzipapasa. Macho yake yalikuwa hafifu. Ulimi wake ulikuwa mzima kabisa.

"Umeshahesabu ng'ombe wako, mwanangu?"

"Nimehesabu, mama. Wote wamo zizini."

"Basi injika chai. Ya bahari tutayasikia."

Mume wa Dobi alikuwa mwashi, na wote walimwita Fundi. Tangu kamba ya tano ilipokwenda na maji, Fundi alikuwa akijenga ukuta mbele ya kamba ya nne. Ulikuwa ukuta wa mawe na saruji, umesimama wima kama askari, unafika kifuani.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alipenda kusema. "Mimi nimeruka ufa, nimekwenda moja kwa moja kwenye ukuta."

Kila asubuhi aliteremka ufuoni na toroli, akajaza mchanga, akapanda nao. Mchanga ulikuwa pale pale, bure, na hakuna aliyemkataza. Jirani wa kushoto alichota kwa ndoo. Jirani wa kulia alichota kwa magunia. Na tangu miaka mitatu nyuma, yalikuja malori. Yalishuka hadi ufuoni, yakapakia, yakaondoka yakimwaga mchanga njia nzima.

"Wale wanachukua mlima," alisema Fundi. "Mimi nachukua kijiko."

Dobi naye alikuwa na lake. Zamani mchanga wa mbele ya ua ulifunikwa na majani yanayotambaa, yenye maua ya zambarau. Upepo ulipovuma, shuka liliangukia humo likapata doa la kijani. Madoa ya kijani ni magumu. Siku moja Dobi alishika jembe akayang'oa yote, akafagia. Mchanga ukabaki mtupu, unang'aa kama sakafu. Mtaa mzima ulimsifu kwa usafi.

Tena kulikuwa na mwanamke mmoja aliyepita ufuoni kila mwezi. Alikunja suruali hadi magotini. Alishika daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amechomeka nguzo mchangani, zenye mistari myeupe na myekundu. Alizitazama, akaandika, akaondoka. Watu walimwita Mama Vijiti. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini, naye hakusema. Nguzo mojawapo ilipoinama, Dobi aliona ni mti mzuri, ulionyooka. Akaing'oa, akaegemezea kamba yake ya nne.

*

Ikaja bamvua, yaani zile siku ambazo maji hujaa kuliko kawaida. Ilikuwa saa nane mchana. Jua lilikuwa kali, na mashuka ya zahanati yalikuwa kambani yote.

Dobi alisikia kishindo. Kisha kingine. Alipotoka, aliona mawimbi yakigonga ukuta wa Fundi na kuruka juu, kisha yakirudi nyuma kwa nguvu, yamejaa mchanga kama chai yenye majani. Chini ya ukuta palikuwa na shimo. Shimo likapanuka. Ukuta ukainama taratibu, kama mzee anayetafuta kiti, ukalala.

Ulipolala uliangukia ndani, juu ya kamba ya nne. Mashuka kumi na tano yalizama kwenye tope.

Fundi alisimama na mwiko mkononi. Dobi ndiye aliyesema, tena kwa sauti iliyowatoa majirani ndani.

"Haya! Ukuta wa mwaka mzima! Umeanguka kabla ya shuka kukauka!"

Maji yalipoanza kupwa, Mama Vijiti akatokea na daftari lake. Akatazama ukuta. Akatazama shimo. Akaandika.

Hapo Dobi alijaa moto.

"Unaandika nini?" aliuliza. "Nakuuliza wewe. Watu wanaangukiwa, wewe unaandika! Umekuja kupima maiti kabla haijatoka roho?"

"Pole, mama," alisema yule mwanamke. "Napima mchanga. Na ile nguzo iliyolala pale kwenye kamba yako ni yangu. Nimeitafuta miezi mitatu."

"Nguzo yako!" Dobi alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nirudishie kamba zangu nne, nami nitakurudishia mti wako. Miaka yote unapita hapa. Hata siku moja hujasema, 'Hodi, jirani, hali yenu si nzuri.' Mlango wangu una miiba?"

Mama Vijiti alifunga daftari.

"Hauna," alisema. "Hapo umenishika. Mimi ni mtafiti wa mawimbi na ufuo. Nimepima hapa miaka sita. Niliandika ripoti, nikaipeleka ofisi ya mtaa miaka miwili iliyopita. Nilidhani ofisi itawaambia."

"Sisi hatujaambiwa hata kwa kunong'onezwa."

"Mkaribishe mgeni ndani kwanza," mama mkwe alipaza sauti kutoka kibarazani. "Mtu hugombezwa akiwa ameketi."

*

Mtafiti hakuketi. Aliomba beseni. Dobi hakukosa beseni, akaleta kubwa, lenye maji nusu. Mtafiti akalaza mchanga kwenye ukingo mmoja, ukawa mteremko mdogo. Kwa ubao wa kufulia akasukuma maji. Kijiwimbi kilipanda mteremko, kikapungua nguvu, kikarudi kimechoka.

"Umeona? Mchanga umelichosha wimbi. Ufuo ni kama godoro. Mtu akiruka juu ya godoro, hakuna kinachovunjika."

Kisha akautoa mchanga mwingi, akabaki na kidogo tu. Mbele yake akasimamisha tofali, wima. Akasukuma maji tena. Wimbi liligonga tofali, likaruka, likarudi na nguvu zake zote. Mara tatu, mara nne. Chini ya tofali mchanga ulikwanguliwa. Tofali likalala, puu.

Mama mkwe aliuliza, "Nini hicho kimeanguka?"

"Ukuta wa mwanao, mama," alijibu Dobi. "Mara ya pili leo."

Fundi aliona haya, na haya zikageuka ukali. "Nimejenga miaka ishirini. Hakuna ukuta wangu ulioanguka. Bahari ya siku hizi imechafuka tu. Mawimbi yamekuwa makubwa."

"Hata mimi nilidhani hivyo, Fundi," mtafiti alijibu taratibu. "Ndiyo maana nilipima. Kule mbele, chini ya maji, kuna chombo changu, kidogo kama chupa ya chai. Kimefungwa kwenye jiwe zito. Kinapima kila wimbi linalopita juu yake, usiku na mchana. Kwa miaka sita mawimbi yanayopita pale hayajabadilika sana. Ni kweli bahari inapanda, lakini polepole, labda unene wa kidole kwa miaka mitatu au minne. Hilo peke yake halimezi kamba nne. Kilichobadilika ni ufuo wenu. Umeshuka. Mawimbi ni yaleyale, godoro ndilo limeondoka."

"Limekwenda wapi?" aliuliza Dobi.

"Nisaidie kulijua. Mimi sikuwepo miaka ya mwanzo. Kamba ya saba ilikwenda lini?"

Dobi hakuhitaji daftari. "Mwaka mwanangu wa kwanza alipoanza shule. Miaka minane. Ya sita ilikwenda mwaka tuliomzika baba mkwe, miaka mitatu iliyopita. Ya tano, mwaka jana. Ya nne, leo hii, na mashuka ya watu."

Mtafiti akaandika, akageuza daftari ili wote waone.

"Tazameni. Hatua nne kwa miaka mitano. Hatua nne nyingine kwa miaka miwili. Hatua nne nyingine kwa mwaka mmoja. Bahari inakuja mbio zaidi. Sasa niambie. Malori yalianza lini?"

Dobi alihesabu kwa vidole. Malori yalianza mwaka ule wa msiba. Alikumbuka waombolezaji wakifunika pua kwa vumbi lake.

"Mchanga hutembea," alisema mtafiti. "Mawimbi ya msimu huu huuchukua. Ya msimu mwingine huurudisha. Lakini uliopakiwa kwenye lori haurudi."

"Na wa kwenye toroli?" Dobi aliuliza, jicho lake kwa mumewe.

"Na wa kwenye toroli haurudi."

"Alaa! Kwa hiyo baba watoto umechimba godoro ukajengea ukuta!"

"Na yale majani yaliyotambaa hapa," mtafiti aliendelea, "yalishika mchanga unaopeperushwa na upepo. Nani aliyang'oa?"

Mama mkwe alikohoa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Na hapa nguo ni nyingi."

Dobi alitazama mikono yake. Uso ulimwaka. Alikuwa tayari kumgombeza mtafiti, mumewe, malori na bahari yenyewe. Hakuwa tayari kwa jembe lake mwenyewe.

"Niliyang'oa mimi," alisema. "Nilidhani ni usafi."

*

Hasira ya Dobi haikuisha. Ilibadilisha njia tu. Siku iliyofuata alifunga kamba nyembamba jikoni. Kila lori lililoshuka ufuoni, alibana kibanio kimoja cha nguo juu yake. Fundi aliacha kuchota, lakini alinuna.

"Utaongea na serikali kwa vibanio?"

"Wewe uliongea na bahari kwa tofali. Niache."

Baada ya siku thelathini, vibanio vilikuwa themanini na saba. Dobi alivaa nguo yake safi, akaitia ile kamba kwenye mfuko. Mtafiti alikuja na daftari. Mama mkwe naye akashika fimbo yake.

"Mama, wewe baki. Huoni vizuri."

"Sioni, lakini uongo nausikia. Twende."

Ofisi ya mtaa ilikuwa na meza moja, kabati moja la chuma na feni iliyozunguka kwa malalamiko. Ofisa aliwakaribisha vizuri. Mtafiti aliuliza kuhusu ripoti yake. Ofisa akatafuta kabatini, juu, kati, chini. Hatimaye akaitoa bahasha nene ya kaki, imefungwa kwa uzi.

Mtafiti aliitazama. "Hilo ni fundo langu," alisema kwa sauti ndogo. "Halijafunguliwa."

Dobi alisimama.

"Mimi nikichelewesha shuka la mtu siku mbili, natukanwa barabarani. Hii imekaa miaka miwili! Miaka miwili jibu limo kabatini, sisi tunahesabu kamba! Kamba yangu ya tano ilikwenda mwaka jana. Bahasha hii ilikuwa hapa. Kamba ya nne imekwenda mwezi uliopita. Bahasha ilikuwa hapa!"

"Tulia, mama," alisema ofisa. "Karatasi ni nyingi. Na malori yale yana kibali."

"Nakiomba nikisome."

Ofisa alisita, akakitoa. Dobi alijifunza kusoma ukubwani, kwa sababu ya alama za nguo za wateja. Alisoma polepole, kidole chini ya maneno. Mtafiti hakumsaidia. Mama mkwe alitega sikio.

"'Anaruhusiwa kuchimba mchanga... katika machimbo... ya nyuma ya mji.'" Dobi aliinua kichwa. "Neno ufuo liko wapi, bwana mkubwa? Nionyeshe. Labda ni macho yangu."

Ofisa alisoma. Akageuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

Dobi akamwaga kamba ya vibanio mezani. "Malori themanini na saba. Siku thelathini. Na kila moja limepita mbele ya dirisha lako hili."

Ofisa alijifuta jasho. Kisha akajitetea, kama wafanyavyo watu wakibanwa. "Lakini na ninyi mnachota! Hata mumeo, mama. Nimemwona na toroli."

Dobi angeweza kukana. Majirani wengi wangekana.

"Ni kweli," alisema. "Tulichota. Na majani niling'oa mimi. Hatukujua. Tulipojua, tuliacha siku ileile. Wewe jibu lilikuwa kabatini kwako. Unaacha lini?"

Feni ikazunguka. Mama mkwe akagonga fimbo sakafuni.

"Mbona simsikii akijibu?" aliuliza. "Au ametoka?"

*

Malori hayakukoma siku ileile. Dobi alirudi ofisini mara tatu, kila mara na vibanio vipya na majirani zaidi. Mara ya nne ofisa mwenyewe alishuka ufuoni na kile kibali, akawasomea madereva. Ikawekwa mihimili miwili ya chuma mwanzo wa njia. Toroli hupita, lori halipiti. Na kando yake kuna kibao: Mchanga huu hauchotwi kwa chombo chochote.

Nyumbani, mtafiti alieleza kazi iliyobaki, na Fundi aliifanya ingawa alinuna siku mbili za kwanza. Aliyatoa mawe ya ukuta ulioanguka, akayapanga kwenye njia ya mbele ya nyumba. Halafu akachomeka fito mchangani kwa safu mbili, zenye nafasi katikati, hewa ipite.

"Uzio wenye matundu!" alinung'unika. "Fundi mzima nimejenga kitu kinachopitisha upepo."

"Upepo ukipita, unapunguza mwendo na kuangusha mchanga unaoubeba," alisema mtafiti. "Ukuta mzima huupandisha juu tu."

"Na kazi zangu nyingine? Nijengee nini?"

"Mchanga wa machimbo. Wa ufuoni una chumvi. Unakula nondo na kubandua plasta."

Fundi alikumbuka plasta ya jirani wa kushoto, iliyobanduka kama ngozi ya ndizi. Alikuwa amemlaumu jirani kwa rangi mbaya.

Dobi aliyarudisha majani yatambaayo. Alikata vipande kutoka mbali, ambako bado yalikuwepo, akavipanda kimoja kimoja nyuma ya uzio. Mashuka ya zahanati aliyaanika mbele ya nyumba, upande wa barabara, na mengine juu ya paa la jirani wa kulia. Ulikuwa mwaka mgumu. Juma moja alirudia kufua mashuka yote kwa sababu ya vumbi, akilia kwa hasira na kusugua palepale.

"Sikuahidi kamba ya saba," mtafiti alimwambia. "Hata ya tano sijui. Bahari inapanda kidogo kidogo, na hilo haliko mikononi mwa mtaa huu. Naahidi kwamba kila mwezi nitakuambia nilichokiona, kizuri au kibaya."

"Hilo tu ndilo nililotaka tangu mwanzo," alisema Dobi.

Bamvua ya mwaka uliofuata ilikuja tena mchana. Majirani walitoka kutazama. Mawimbi yalipanda mchanga mpya, yakafika kwenye fito, yakazipenya yakiwa yamechoka. Yaliacha povu mguuni pa majani. Yakarudi.

"Vipi?" aliuliza mama mkwe. "Sijasikia kishindo."

"Hakuna kishindo, mama," alisema Fundi. Alitazama fito zake. "Zimesimama zote," aliongeza, kama mtu asiyetaka kujisifu lakini anaombwa.

Siku tatu baadaye Dobi alifunga tena kamba ya nne, mahali pake pale pale. Aliegemezea mti mwingine. Ile nguzo ya mistari aliichomeka mwenyewe ufuoni, pale mtafiti alipomwonyesha. Mwezi uliofuata, mistari miwili ya chini ilikuwa imeshafukiwa na mchanga.

Kwenye mlango wa dobi siku hizi kuna ubao mweusi. Juu yake huandikwa bei za kufua. Chini yake, kila mwezi, Dobi huisoma nguzo mwenyewe na kuandika kwa chaki habari zake, kwa herufi kubwa ili kila mpita njia asome. Mtafiti husimama kuunakili kabla ya kushuka kupima. Mwezi huu umeandikwa hivi:

MCHANGA UMEPANDA VIDOLE VIWILI. KARIBU NA NGUZO KUNA SHIMO LA NDOO MOJA. ALIYECHOTA TUNAMJUA. ARUDISHE.